Nusu Maili ya Udongo: Niliyojifunza Nikimfunga Dereva Mikanda

Gari la sprinti halina mlango, halina klachi, halina giaboksi wala stata. Husukumwa na pikapu mpaka injini iwake, na likishawaka kazi yake ni moja tu: kuzunguka kiwanja cha udongo kwa kukata kona za kushoto. Dereva akiwa ndani, lote lina uzito wa kilo 650 hivi. Injini yake, ile kubwa ya lita 6.7, inachoma methanoli na kutoa nguvu za farasi zinazokaribia 900. Juu ya kichwa cha dereva kuna bawa pana la alumini, na magurudumu yote manne yako wazi, hayana madigadi. Naanza na maelezo haya kwa sababu ndugu wengi ninaowasimulia habari za mbio hizi hufikiria gari la kawaida lililopakwa rangi. Siyo. Ni injini iliyofungwa kwenye kizimba cha mabomba, na ndani ya kizimba hicho kuna mtoto wa mtu.

Mimi ni mchomeleaji vyuma. Ufundi nilijifunzia Morogoro, maisha yakanileta Des Moines, jimbo la Iowa, ambako Wakongo, Warundi na sisi wa Afrika Mashariki tuko wengi kiasi kwamba Jumapili unaweza kumaliza siku bila kusema Kiingereza. Karakana ninayofanyia kazi ina fundi mwenzangu ambaye familia yake imekuwa na gari la sprinti tangu enzi za baba yake. Aliniomba nimchomelee kipande cha chesisi, nikamchomelea, akaniambia nije Jumamosi nikaone kazi yangu ikikimbia. Kutoka Des Moines hadi Knoxville ni kilomita 60 hivi kuelekea kusini-mashariki. Nilikwenda, na tangu hapo Jumamosi zangu za kiangazi ziko kule. Kazi niliyopewa ni mbili: kukagua vyuma kabla gari halijaingia uwanjani, na kumfunga dereva mikanda.

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tukisikia mbio za magari tunawaza Safari Rally. Gari linapita peke yake, linashindana na saa, na vumbi linaloonekana ni lake lenyewe. Hapa magari 24 huachiwa kwa pamoja, mawili mawili, yakigombea mstari mmoja mzuri wa udongo wenye unyevu. Tairi la mbele la gari moja likigusa tairi la nyuma la jingine, yote mawili yakiwa yanazunguka kwa kasi, gari lililo nyuma hulipanda lililo mbele na kurushwa juu. Ndivyo magurudumu wazi yalivyo. Ajali nyingi nilizoziona zilianza na mguso ambao mtu aliyekaa jukwaani asingeutambua.

Viwanja vya udongo vya Marekani havilingani urefu. Vingi ni vya robo maili au theluthi. Nusu maili, yaani mita 800 hivi, ndio urefu wa viwanja vikubwa ambavyo magari haya huvikimbilia mara kwa mara: Knoxville kwetu Iowa, Eldora kule Ohio, Williams Grove na Port Royal kule Pennsylvania. Vipo na vya maili nzima, kama Springfield na DuQuoin katika jimbo la Illinois, lakini huko wanaotamba ni magari ya Silver Crown, marefu na mazito zaidi, yasiyo na bawa. Knoxville, udongo ukiwa umelowa vizuri, mzunguko mmoja huchukua sekunde 15 hivi. Piga hesabu: ni wastani wa kilomita 193 kwa saa, kona zikiwemo. Eldora, ambako kona zimeinuliwa sana upande wa nje, madereva wakali hushuka chini ya sekunde 13.

Vingi vya viwanja hivi virefu vilianza kama viwanja vya farasi kwenye maonyesho ya kilimo ya wilaya. Knoxville yenyewe iko ndani ya uwanja wa maonyesho wa wilaya ya Marion. Kona zilipangwa kwa ajili ya farasi, na uzio pia. Kisha zikaja injini, na kila kizazi cha injini kikawa na nguvu kuliko kilichotangulia, wakati mnyoosho umebaki na urefu ule ule. Langhorne, Pennsylvania, palikuwa na kiwanja cha maili moja kilichojengwa mwaka 1926, duara tupu lisilo na mnyoosho wa kumpumzisha dereva. Mike Nazaruk alifia pale mwaka 1955 akiendesha gari la sprinti. Jimmy Bryan, aliyekuwa ameshinda mbio kubwa za Indianapolis 500 mwaka 1958, alifia pale mwaka 1960. Mwaka 1965 wakamwaga lami, na mwaka 1971 pakafungwa. Katika jumba la makumbusho la magari ya sprinti, lililopo pale pale Knoxville, nimesimama mbele ya magari ya enzi hizo: kichwa na mabega ya dereva viko nje kabisa. Vizimba vya chuma vilikuja kuwa kawaida miaka ya 1970. Nikiwa mtu wa vyuma, sikuweza kuondoka haraka mbele ya yale magari.

Urefu wa kiwanja wenyewe hauui mtu. Unachofanya ni kuipa kasi muda wa kukua. Na kasi ina tabia moja ambayo nilipoielewa nilianza kuangalia kila bolti kwa jicho jingine: nishati ya gari huongezeka kwa mraba wa mwendo. Gari likipanda kutoka kilomita 145 kwa saa hadi 205, mwendo haujafika hata mara moja na nusu, lakini nishati inayopaswa kwenda mahali fulani gari likigonga imeshakuwa maradufu. Itaingia kwenye udongo, kwenye mabomba, kwenye kiti, au kwenye shingo ya dereva. Kazi yetu yote sisi mafundi ni kuhakikisha haifiki kwenye shingo.

Tarehe 12 Juni 2013, dereva Jason Leffler alifariki kwenye kiwanja cha Bridgeport, New Jersey, katika mbio za mchujo. Kiwanja kile wakati huo kilikuwa na urefu wa zaidi ya nusu maili, yaani sehemu tano kati ya nane za maili. Polisi wa jimbo walieleza kwamba kifaa cha mfumo wa gurudumu la mbele kiliharibika, gari likagonga ukuta. Miaka michache baadaye kiwanja hicho kilijengwa upya kikiwa kifupi zaidi, na kona zake zikainuliwa. Kuna wapenzi wa mbio wanaonung'unika kiwanja kinapofupishwa, wanasema raha imepunguzwa. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mbio za viwanja vifupi zina upinzani mkali, magari hayatawanyiki, na mtu hahitaji kufa ili tikiti iwe na thamani.

Hata hivyo, kuufupisha uwanja hakumalizi hatari, na asiyelisema hilo hajasema kweli yote. Jason Johnson, bingwa wa mwaka 2016 wa Knoxville Nationals, mbio kubwa za sprinti za kila mwaka pale Knoxville, aliumia tarehe 23 Juni 2018 huko Beaver Dam, Wisconsin, akafariki kesho yake. Beaver Dam ni theluthi ya maili. Ndiyo maana swali langu nikifika kiwanja kigeni huwa ni hili: gari likitoka hapa linakwenda wapi? Naenda kuangalia ukuta unaishia wapi, lango lake linafunguka upande gani, kama kuna ncha ya zege inayotazama mwelekeo wa magari, kama ndani ya kona wamepanga matairi makubwa ya trekta ya kuzuia watu kukata kona. Matairi hayo nayachukia. Gari likiyagusa kwa gurudumu moja hupinduka, na lisingepinduka kama pangekuwa na udongo mtupu. Kuta laini zinazonyonya pigo, zilizobuniwa na wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nebraska na kufungwa Indianapolis kwa mara ya kwanza mwaka 2002, ni nadra kuzikuta kwenye viwanja vya udongo. Ni ghali, na viwanja vingi vya kwetu vinaendeshwa na familia.

Nije kwenye vyuma, ambako nina la kusema zaidi.

Chesisi ya sprinti ni mabomba ya chuma cha kromoli. Chuma hiki ni chepesi na kigumu, lakini ni chenye wivu: ukikichoma moto hovyo kinakuwa kama kigae. Bomba likikatika, mara nyingi halikatiki kwenye weldi yenyewe. Hukatika pembeni yake kidogo, pale moto wa kuchomelea ulipobadilisha chuma. Kwa hiyo kila wiki, gari likishaoshwa, napita na taa na kitambaa kwenye maungio: pale injini inaposhikiliwa, pale nguzo za kizimba zinapokutana na fremu ya chini, na kwenye mabomba yanayobeba tosheni baa, zile fimbo za chuma zinazofanya kazi ya springi kwa kujisokota. Nikitilia shaka napaka rangi ya kupenya, nafuta, napuliza ile poda nyeupe, na ufa ukiwepo unajichora mwenyewe. Gari lililopinduka vibaya haliruhusiwi kurudi uwanjani mpaka fremu ipimwe kwenye meza ya vipimo. Nimewahi kuombwa na timu nyingine ninyooshe bomba la kizimba kwa moto ili wawahi mbio za siku hiyo hiyo. Nilikataa, nikamweleza kijana aliyekuwa anataka kuliendesha sababu yake, taratibu, mpaka akaelewa. Bomba lililokunjika likanyooshwa kwa moto linaonekana zima, na hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Kuna vitu vidogo ambavyo mtazamaji havijui kabisa. Ekseli ya mbele hufungwa nyaya au mikanda maalumu ili ikivunjika isiruke, kwa sababu gurudumu lililoachia kwenye nusu maili linaweza kuvuka uzio na kuwafuata watu jukwaani. Propela inapita chini ya dereva, katikati ya miguu yake, na isipokuwa imezingirwa na pete imara, siku ikikatika itageuka rungu. Tosheni baa nazo zisipozuiwa vizuri kwenye ncha zake zinaweza kuchomoka. Kwenye pedali ya mafuta kuna mkanda unaoshika vidole vya mguu, ili ikikwama dereva aivute nyuma kwa mguu wenyewe. Gari likienda kilomita 200 kwa saa linakata mita 55 kwa sekunde. Pedali ikikwama mwishoni mwa mnyoosho, dereva ana nafasi ya kufanya jambo moja. Swichi ya kuzima injini lazima iwe mahali mkono unapofika bila kutafuta, mikanda ikiwa imekazwa. Hili huwa nalijaribu na dereva mwenyewe: namfunga, namwambia afumbe macho, namwambia zima. Asipoigusa mara ya kwanza, tunaihamisha.

Na mikanda. Watu hudhani kumfunga dereva ni kazi ya kijana mdogo wa timu. Mimi naiona kama kazi nzito kuliko zote za usiku ule. Ule mkanda wa kiunoni lazima ukae chini, kwenye mifupa ya nyonga, usipande tumboni, maana tumbo halina mfupa wa kuukinga. Ile ya mabegani itoke nyuma ya kiti ikiwa sawa na bega au ikishuka kidogo tu. Ikishuka sana, pigo likija linaukandamiza uti wa mgongo. Na sehemu ya nyuma isiwe ndefu, kwa sababu mkanda mrefu unavutika zaidi. Mikanda ina lebo ya SFI, shirika la viwango vya vifaa vya mbio, yenye tarehe, na baada ya miaka miwili inaondolewa hata kama inang'aa, kwa kuwa jua, matope na maji ya kuoshea huula uzi polepole. Ikishapita kwenye ajali kubwa haingojewi tarehe.

Kiti kinakumbatia mbavu, mabega na pande zote mbili za kichwa. Cha dereva wetu kilimiminiwa povu likagandia kwenye umbo la mwili wake. Mabegani anavaa kifaa cha HANS, walichobuni Robert Hubbard na Jim Downing miaka ya 1980, ambacho huishikilia helmeti kwa kamba mbili ili kichwa kisitupwe mbele wakati kiwiliwili kimezuiwa. Kwa miaka mingi madereva wengi walikipuuza. Wakisema kinabana, hakiachi mtu ageuke. Alipofariki dereva nyota Dale Earnhardt kule Daytona Februari 2001, NASCAR, chama kinachoendesha mbio kubwa za magari Marekani, ililazimisha vifaa vya aina hiyo kabla mwaka haujaisha. Kwenye udongo mabadiliko yalichukua muda mrefu zaidi, kila kiwanja kikiwa na bwana wake. Kuna jambo jingine ambalo viwanja vidogo havilikagui: nafasi kati ya helmeti na bomba la juu la kizimba. Kijana mrefu akinunua gari la mtu mfupi, kila kitu kinaweza kuwa na lebo sahihi na bado kichwa chake kikafikia chuma gari likijigonga juu chini. Mikanda hunyooka, mwili hupanda.

Hayo yote niliyaona yakifanya kazi usiku mmoja kwenye nusu maili ya jimbo jirani. Dereva wetu alikuwa anatoka kona ya nne, gari la mbele yake likateleza, gurudumu likagusa gurudumu. Alipaa, akapinduka mara nyingi mpaka uzio ukamrudisha uwanjani. Bawa lilisagika kama karatasi. Watu hulidhania bawa ni la mwendo tu. Kweli linaongeza kasi ya kona, lakini gari likipinduka linakuwa la kwanza kuumia na linameza sehemu ya pigo kabla halijafika kwenye kizimba. Ekseli ya mbele ilikatika upande mmoja na ikabaki inaning'inia kwenye nyaya zake. Tangi la mafuta lilipasuka ganda la nje, mfuko wa ndani ukashika. Kijana akatoka kwa miguu yake, akawapungia watu mkono, uwanja mzima ukashangilia.

Tulipofika kwenye trela alimuuliza baba yake alianguka mzunguko wa ngapi. Akajibiwa. Akanywa maji, akauliza tena. Akauliza tena. Kesho yake kulikuwa na mbio zenye zawadi nzuri, gari la akiba lilikuwepo, na mzee alikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyopenda. Aliyekata shauri ni mama wa dereva, mama anayeshika hesabu za timu. Alichukua helmeti, akaifungia kwenye gari lake, akasema mtoto anakwenda hospitali sasa hivi. Daktari akasema ni mtikisiko wa ubongo, akamzuia kuendesha kwa wiki kadhaa. Jambo hili linaniuma kuliko mengine yote ya mchezo huu. Mguu uliovunjika unaonekana. Ubongo uliotikiswa haupigi kelele, na madereva wanajua kuuficha. Wanajifunza majibu ya maswali ya mganga wa uwanjani. Ubongo ambao haujapona ukipigwa tena unaweza kumharibia mtu maisha yake yote. Tangu siku ile timu yetu ina makubaliano: gari likipinduka, dereva si mtu wa kuulizwa kama anajisikia vizuri. Anapelekwa.

Mke wangu aliponisikia nikisimulia habari hizi nyumbani aliniuliza, "Baba watoto, na ninyi mnaosimama pembeni?" Swali lake lilikuwa la haki. Mafundi nao huumia, na moto hauchagui. Methanoli ikiwaka mchana wa jua haionekani vizuri. Hakuna moshi mzito, hakuna ulimi mwekundu wa moto. Nilimwona fundi wa timu jirani wakati wa kujaza mafuta akijipigapiga mkono na kurudi nyuma, na sisi tuliokuwa hatua chache kutoka kwake tukawa hatuoni chochote kinachowaka. Mwenzake alimmwagia ndoo ya maji. Methanoli huchanganyika na maji, ndiyo nafuu yake kuu juu ya petroli, na kwa sababu hiyo ndoo za maji hazitoki karibu na gari letu kuanzia mtungi wa kwanza unapofunguliwa mpaka tunapopakia.

Lakini ndoo ya fundi haifiki kona ya tatu. Huko anayehitajika ni zimamoto, na kwenye kiwanja kirefu umbali wake unahesabika. Doug Wolfgang, bingwa mara tano wa Knoxville Nationals, alikuwa kwenye mazoezi kule Lakeside Speedway, Kansas City, mwezi wa Aprili 1992. Gari lake liligonga ukuta likawaka, naye akanaswa ndani kwa dakika kadhaa huku msaada wa kutosha wa kuzima moto ukikosekana. Aliungua vibaya. Alishtaki, ingawa alikuwa ametia saini ile karatasi ya kusamehe madai ambayo sisi sote husaini getini kila usiku. Baraza la raia wanaoamua kesi mahakamani likampa haki, likiona kwamba uzembe wa waandaaji ulipita kiasi ambacho karatasi ile ingeweza kuufunika, na mwaka 1997 mahakama ya rufaa ikaishikilia hukumu. Huwa nawasimulia vijana kisa hiki ili wajue kwamba saini yao haimpi mwenye uwanja ruhusa ya kutokuwa na wazima moto.

Kanuni nyingine ilitoka kwenye msiba wa Agosti 2014 kule Canandaigua, New York, nusu maili ya udongo. Kevin Ward Jr., kijana wa miaka 20, alishuka kwenye gari lake lililoharibika, akatembea uwanjani kuelekea magari yaliyokuwa bado yanapita, akagongwa na gari la dereva maarufu Tony Stewart, akafa. Ndani ya wiki moja NASCAR ilitoa agizo la madereva kubaki ndani ya gari mpaka waokoaji wafike, na viwanja vya udongo vikafuata. Usiku, vumbi likiwa limetanda na bawa likiwa limeziba upande mmoja wa macho ya dereva, mtu anayetembea haonekani. Kwenye gari letu tumekubaliana: kama haliwaki moto, mikanda haifunguliwi mpaka mtu wa uokoaji aguse kizimba. Dereva Bryan Clauson aliumia vibaya Belleville, Kansas, Agosti 2016, gari lake dogo la midget lilipopinduka kisha likagongwa na jingine likiwa limesimama. Alifariki kesho yake akiwa na miaka 27, na viungo vyake vikatolewa kwa wagonjwa kwa kuwa alikuwa amejiandikisha kuvitoa. Belleville wakati ule ilikuwa nusu maili ya kasi ya kutisha. Gari lililosimama kwenye kiwanja kama kile liko hatarini bado, na anayelilinda ni mtu wa bendera na taa nyekundu inayowaka kwa wakati.

Udongo wenyewe nao ni sehemu ya usalama, tena sehemu ambayo dereva hawezi kuifunga kwa spana. Boza likimwaga maji mengi mahali pamoja na jua likakausha mahali pengine, kona huchimbika. Tairi la nyuma la kulia likitumbukia kwenye mfereji, gari linainuka upande wa kushoto, na kwa mwendo ule huenda lisirudi chini salama. Kuna usiku ambapo magari mawili yalipinduka kwenye shimo lile lile katika michujo. Madereva wazee walikwenda kwa wasimamizi wakasema hawatapanga magari ya mbio kuu mpaka greda lipite. Walijibiwa kwamba watu wamelipa na saa zimekwenda. Wale wazee wakakaa kwenye matairi yao, hawakubishana. Baada ya muda greda likaingia. Jukwaani watu walizomea karibu saa nzima, na mbio kuu ikakimbizwa. Mtu anayepima udongo asiwe yule yule anayehesabu fedha za tikiti. Sioni jinsi mtu mmoja anavyoweza kufanya kazi hizo mbili kwa haki.

Kuhusu mwendo, najua wapo watakaoniona mgeni wa juzi anayetaka kubadili mchezo wa watu. Lakini Knoxville kwenyewe kuna madaraja ya injini, kubwa na ndogo, na mbio za injini ndogo zinapendeza vile vile. Kiwanja kirefu chenye uzio wa zamani kinaweza kuanza na hizo mpaka kipate fedha za kujenga ukingo unaostahili farasi 900. Kuondoa bawa pekee si dawa: mwendo wa kona unapungua, ila gari linakuwa rahisi zaidi kupinduka, na lile bati lililokuwa linakunjika kwa ajili ya dereva halipo tena.

Vijana wetu wa Kiswahili hapa Des Moines sasa huniuliza namna ya kuingia kwenye timu. Nawakaribisha. Nawaambia mishahara hakuna, matope yapo, na usiku wa kwanza wasishike spana. Wazunguke waone gari la wagonjwa limeegeshwa wapi, wazima moto ni wangapi na kama wamevaa nguo za moto au fulana. Majira ya baridi yaliyopita, katika mkutano wa timu na waandaaji wa viwanja vyetu vidogo, niliomba nafasi nikatoa pendekezo moja. Kwenye meza ile ile ya getini tunapotia saini ya kusamehe madai, pawekwe karatasi ya pili, iliyosainiwa na mwenye uwanja, inayotaja wazima moto waliopo usiku huo na mafunzo yao, vifaa vya kukatia vyuma, hospitali ya majeruhi inayotumika, na nani mwenye mamlaka ya mwisho ya kumzuia dereva aliyeumia kichwa. Mwandaaji mmoja amekubali kuanza nayo msimu huu. Wengine wamesema watafikiria, na mkutano ujao nitawauliza tena.